Wa Pili Kwenye Daftari

Ukitangaza mbele za watu kwamba unapenda tenisi ya meza, watakuuliza kama kandanda imeisha Kenya. Hata shuleni huu huitwa mchezo wa mvua, yaani hukumbukwa uwanja ukijaa matope. Lakini sisi wa Kawangware tunaopanda namba 46 kuja shule mjini na kurudi, hujua nani ameshinda Doha kabla ya kujua nani amefungwa Uingereza.

Mjadala huanzia kwenye matatu na kukolea kwa kinyozi. Kinyozi wetu ana simu kubwa na si bahili, mradi mmoja wetu awe kitini ananyolewa. Ni mtu wa zamani. Aliiona Michezo ya Afrika ilipofanyika hapa Nairobi mwaka wa 1987, enzi zile seti ilikuwa pointi 21 na mpira ulikuwa wa milimita 38. Kwake yeye, mchezo uliingia mkosi mpira ulipofanywa wa milimita 40 mwaka wa 2000, na seti ikakatwa kuwa pointi 11 mwaka uliofuata. Mchezaji wake ni mmoja tu, Jan-Ove Waldner wa Uswidi, bingwa wa Olimpiki ya Barcelona 1992, ambaye mwaka wa 1997 alitwaa ubingwa wa dunia huko Manchester bila kupoteza hata seti moja. Ukimtajia Ma Long wa Uchina na dhahabu zake za Rio na Tokyo, anazima mashine kichwa chako kikiwa nusu.

Sisi vijana tuna wetu. Jirani yangu wa dawati tunamwita Aruna, kwa ajili ya Quadri Aruna wa Nigeria, aliyefika robo fainali ya Olimpiki ya Rio 2016 na mwezi wa Mei 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kuingia kumi bora duniani. Kuna msichana mmoja tunayemwita Hana, kama Hana Goda wa Misri. Yeye hucheza kwa mkono wa kushoto na sevu yake hupinda kama kona ya Uthiru.

Tunachezea kwenye ukumbi mmoja mtaani. Meza yetu ilitengenezwa na mafundi wa Ngong Road, na hapo pana kasoro ambayo lazima niieleze. Meza halali ina urefu wa mita 2.74 na upana wa mita 1.525. Mbao za plaiwudi huuzwa futi nane kwa nne, na pesa zilitosha ubao mmoja. Kwa hivyo meza yetu ni fupi kwa sentimita 30, na nyembamba kwa kiasi hicho hicho. Tumeizoea. Mgeni akija hupiga mipira yote nje, nasi tunaonekana mabingwa.

Kaka mmoja wa chuo ndiye katibu, na ndiye mwenye daftari. Aliiga orodha ya dunia bila kupunguza: yanahesabiwa matokeo yako bora manane, na kila tokeo hufa baada ya miezi kumi na miwili. Sisi tuna shindano moja kila mwezi. Mshindi hupata pointi 20, wa pili 14, wa nusu fainali 8. Basi mwaka huu habari ikaja kwamba kuna mashindano ya vijana mjini, na ukumbi ungelipia watu wawili ada ya kujiandikisha na nauli. Wawili wa juu kwenye daftari. Wa kwanza alikuwa Aruna kwa pointi 148. Wa pili mimi, pointi 118. Hana alikuwa na 108.

Sasa sikiliza. Hizo 108 Hana alizipata katika mashindano sita tu. Alishinda manne na kufika fainali mawili, na katika hayo manne, matatu alinishinda mimi. Kisha mama yake, anayeuza mboga sokoni, akajifungua, na Jumamosi zote Hana akawa ndiye mwenye kibanda. Miezi sita hakuja.

Siku hiyo kwa kinyozi palikuwa hapatoshi.

"Orodha ni orodha," kinyozi akasema. "Asiyecheza hana pointi. Hata mshahara ni hivyo."

"Baba, na Fan Zhendong je?" Aruna akamwuliza. Fan alichukua dhahabu ya Paris mwezi wa Agosti 2024, na Desemba mwaka huo huo akajitoa kwenye orodha ya dunia kwa sababu ya faini wanazotozwa wachezaji wasiohudhuria mashindano. "Kwani siku iliyofuata alisahau kucheza?"

Mimi nikajibu kwamba Fan alijitoa kwa hiari. Aruna hakukubali. Akaleta Wang Chuqin, aliyekwenda Paris akiwa namba moja duniani. Wapiga picha walimvunjia raketi baada ya kushinda dhahabu ya wawili wawili mchanganyiko, na kesho yake akatolewa na Truls Möregårdh wa Uswidi, namba 26, ambaye aliendelea hadi fainali na njiani akamwondoa Omar Assar wa Misri. Kinyozi aliposikia Uswidi akalainika kidogo.

Lakini neno lililonikaa ni lile alilosema Aruna tukiwa tunashuka kwenye matatu. "Maze, mashindano mengi yako Asia na Ulaya. Mchina hupanda ndege, shirikisho linalipa. Mwafrika kwanza atafute tikiti. Orodha inahesabu nauli pia." Nilitaka kumwambia kwamba tangu 2023 kuna mashindano ya dunia Lagos, na kwamba mwaka huo huo Kombe la Afrika lilichezwa hapa Nairobi na Hana Goda mwenyewe akalibeba akiwa na miaka 15. Sikusema. Nilikuwa nafikiria kibanda cha mboga.

Sikutaka kwenda mjini watu wakininong'ona. Pia, kusema kweli, nilidhani kwamba baada ya miezi sita mkono wake utakuwa mzito. Nikamwomba katibu tucheze, seti tano, mshindi aende. Kinyozi alifunga duka akaja kutazama.

Seti mbili za kwanza nilichukua. Ya tatu sevu yake ikaanza kupinda. Ya tano tulifika 9–9, na mpira wake uligusa ukingo wa meza ukaanguka upande wangu. Wa mwisho niliupiga wavuni. Alisema, "Pole, kaka," akachukua kikapu chake akarudi sokoni.

Mjini Hana alishinda mechi ya kwanza akashindwa ya pili. Alituambia meza za huko hazina mwisho.

Tuliporudi ukumbini niliangalia daftari. Mimi bado ni wa pili, Hana wa tatu. Katibu anasema mechi ya watu wawili si shindano, na mashindano ya mjini hayamo kwenye hesabu yake. Hana amemwandikia barua ya malalamiko, ukurasa mzima, kwa Kiswahili sanifu. Kinyozi ameibandika juu ya kioo, na anayenyolewa lazima aisome.