Watu 250, tarehe moja ya kuzaliwa

Leo siasa naziweka kando. Kuna bwana mmoja wa Norway aitwaye Jon Sudbø, daktari wa meno na wa saratani, aliyekuwa hospitali ya Radium mjini Oslo. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha makala katika New England Journal of Medicine. Walisema wamefuatilia wagonjwa 150 wenye mabaka meupe mdomoni, yale yasiyotoka hata ukisugua, wakapima kiasi cha DNA ndani ya chembe zake. Waliokuwa na DNA ya kawaida ni 105. Kati yao 3 tu wakapata saratani. Walioonekana DNA yao imevurugika ni 25, wakapata 21. Jamani, nani asingeshangilia? Kipimo kimoja tu, na unajua mapema ugonjwa utakwenda wapi.

Mimi nimefika huko kwa sababu ya mjomba wangu. Ni mtu wa Tanga, tambuu na tumbaku havimtoki shavuni, na sasa ametokewa na baka chini ya ulimi. Amekatwa kinyama kidogo, tunasubiri majibu. Juzi kanipigia: "Mjomba (ndivyo tunavyoitana, yeye na mimi), wewe unayeshinda kwenye kompyuta, hakuna kipimo cha kujua kama hiki kitu kitatembea?"

Nikatafuta, nikakutana na Sudbø.

Oktoba 2005 alitoa makala nyingine katika Lancet, ya watu 908, eti baadhi ya dawa za maumivu hupunguza hatari ya saratani ya mdomo. Krismasi hiyo Camilla Stoltenberg, wa taasisi ya afya ya jamii ya Norway, akaisoma. Akashtuka: takwimu zilidaiwa kutoka kwenye hifadhi ambayo ilikuwa bado haijafunguliwa kwa watafiti! Januari 2006 mambo yakawa hadharani. Wale watu walikuwa wa kutunga, na 250 kati yao walipewa tarehe moja ya kuzaliwa. Hata kudanganya kwenyewe alikuwa mvivu. Tume iliyochunguza ikakataa makala zake 15, na ile ya 2001 nayo ikaondolewa.

Kinachoniuma ni kwamba wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Wengine wameendelea kulipima, kwa uaminifu, na DNA iliyovurugika bado inatazamwa kama dalili ya hatari. Ila si kwa uhakika ule wa 21 kwa 25.

Na kutembea kwenyewe? Saratani ya mdomo hupenda kuanzia kwenye tezi za shingo. Daktari hutazama uvimbe umezama milimita ngapi, kisha anaamua kama shingo ifunguliwe. Mwaka 2015 madaktari wa Tata Memorial, Mumbai, walionyesha kuwa waliotolewa tezi mapema, 80% walikuwa hai baada ya miaka 3; waliosubiri mpaka tezi zijitokeze, 67.5%. Lakini wengi hufunguliwa shingo na tezi zikakutwa safi, wakabaki na bega linalouma. Hao ndio wanaohitaji kipimo cha molekuli kilicho cha kweli.

Nilimweleza mjomba yote haya, polepole. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakipo."

"Cha kutegemea peke yake, bado. Na tumbaku je, mjomba?"

"Hiyo tutaongea majibu yakija."

Yanakuja Alhamisi.