Nilimhukumu Mwanangu Bure

Jambo ninalotaka kuwaeleza mwezi huu lilitokea nyumbani kwangu, Marangu, nami nalisimulia kwa aibu.

Mwaka 2023 tulipoingiza intaneti nyumbani, mume wangu, ambaye kazi yake iko Tanga, alinunua ruta yenye kinga. Kinga hiyo hukaa mlangoni mwa intaneti kama mlinzi wa geti. Huzuia wageni wasioalikwa, na mume wangu aliipanga izuie pia kurasa za picha chafu. Kwa mama mwenye kijana wa kidato cha tatu, hiyo ilikuwa faraja kubwa.

Ilipofika Juni 2024 ruta ikaanza kuzimika na kujiwasha yenyewe. Taa zote zinapotea, kisha zinarudi moja moja, na kwa dakika mbili tatu hakuna mtandao. Baba watoto akipiga simu ya video saa 2 usiku ili tusali pamoja, sura yake inaganda katikati ya sala.

Meza ya kusomea ya kijana wetu ilikuwa karibu na ruta. Nilikuwa nimesikia jumuiyani kwamba watoto hubonyeza kitufe kilichojificha nyuma ya ruta, na mipango yote ya kinga ikafutika. Nilimwuliza, akakana. Sikumwamini. Nikamnyang'anya simu, nikamhamishia jikoni kusoma, na nikampigia baba yake kumwambia kuwa mtoto amejifunza uongo. Siku nne nzima kijana alinipa shikamoo asubuhi, na baada ya hapo hakuna neno.

Siku ya tano alikuwa mazoezi ya kwaya. Nimekaa peke yangu nachambua mchicha, ruta ikazimika mbele ya macho yangu. Nanyi mtanisamehe: wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba ameshaiharibu.

Nilimpigia mdogo wake mume wangu, ambaye ni fundi wa mawasiliano Arusha. "Shemeji, usibonyeze kitu chochote," akaniambia. "Chukua daftari. Kila ikizimika andika saa, na uandike ni kitu gani kingine kilikuwa kinafanya kazi hapo nyumbani." Akanifundisha pia kufungua ukurasa wa ruta yenyewe, unaoonyesha imewaka kwa muda gani. Hesabu ikianza upya, ni ruta yenyewe iliyozimika. Ikiendelea kama kawaida, kasoro iko kwenye laini inayotoka nje. Yetu ilikuwa inaanza upya kila mara.

Baada ya siku tatu daftari lilikuwa na mistari kumi na mmoja. Minane kati ya hiyo niliandika maneno yale yale: friji imenguruma. Friji na ruta vilikuwa kwenye ekstensheni moja! Shemeji akanieleza kuwa mota ya friji inapoanza huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na umeme wa vifaa jirani hupungua kidogo kwa kitambo kifupi. Adapta nzima huvumilia. Adapta iliyochoka haiwezi.

Akanisihi nisibadili vitu viwili kwa mara moja, maana ikipona nisingejua kilichoiponya. Basi nikaanza kwa kuipa friji soketi yake ukutani. Kuzimika kukapungua, ila hakukuisha. Nikagusa adapta: moto kama yai lililotoka sasa hivi kwenye sufuria. Na nani aliyeifunika, pamoja na ruta yake, kwa kitambaa cha kufuma ili sebule ipendeze? Ni mimi. Kumbe joto huchosha vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme ndani ya adapta.

Nikapanda Hiace hadi Moshi mjini, kwa fundi mmoja karibu na soko la Mbuyuni. Alipoipima bila mzigo ilisoma volti 12 sawasawa. Alipoibebesha mzigo ikashuka hadi 9. Akanipa nyingine, akanionyesha maandishi yake: volti lazima ziwe zile zile za adapta ya zamani, ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue, na kichwa cha waya kiwe na mpangilio uleule wa chanya na hasi. Tangu siku ile ruta haijazimika yenyewe, na kitambaa kimerudi kwenye kochi.

Jioni ile nilimwita kijana jikoni, mtori ukiwa motoni. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikukosea. Hukugusa kitu." Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Na baba, umemwambia?"

Nilikuwa sijamwambia. Nilikuwa nimefikiri yangeishia pale jikoni, kati yetu wawili. Tulimpigia saa 2 usiku, kijana amekaa kando yangu, nikaeleza yote tangu mwanzo, na la kitambaa pia. Mtandao haukukatika hata mara moja.