UPANA WA TAIRI

Sisi tunaokaa Usambara tunaipima motokaa kwa kipimo chetu wenyewe. Mtu wa Dar es Salaam akisifu gari lake, huenda anasifu mbio zake au rangi yake. Mtu wa Lushoto huuliza kwanza: Je, linashuka Mombo salama? Maana barabara ya kutoka Mombo mpaka Lushoto, ingawa ni ya lami, hupanda kiasi cha mita 1,000 katika mwendo wa kilomita kama 33, kona baada ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Katika insha hii nataka kueleza jambo moja la gari ambalo kwingineko watu huliona dogo, lakini kwetu si dogo hata kidogo, yaani upana wa tairi.

Mjomba wangu ana Toyota Altezza. Hili ni gari la sporti lililotengenezwa Japani tangu mwaka 1998 mpaka 2005. Lina injini ya lita mbili, nalo husukumwa na magurudumu ya nyuma. Mjomba aliweka akiba miaka mingi ndipo akalipata, tena la mtumba. Si gari la kutembelea Jumapili tu. Kila siku ya kazi hushuka nalo Mombo asubuhi na kupanda nalo jioni, na watoto wake wawili huwashusha shuleni Soni, katikati ya safari. Basi gari lile hubeba fahari yake, na pia hubeba watu tuwapendao.

Wakati wa likizo ya Desemba alipata rimu nne za sporti, za mtumba lakini nzima. Zilikuwa za inchi 17 kama zile za zamani, ila upana wake ulikuwa inchi saba na nusu, na zile za zamani ni inchi saba. Rimu hazikuja na matairi. Ndipo likazuka swali: azivalishe tairi la upana gani? Tairi la asili la gari lile limeandikwa 215/45R17. Rafiki zake walimshauri anunue 245, maana, walisema, gari la sporti hupendeza likitanua miguu kama simba. Moyo wa mjomba nao ulikuwa huko huko. Akanigeukia akaniambia, "Haya, mpwa wangu, wewe unasoma Fizikia. Nipigie hesabu."

Kijana hamwambii mkubwa wake, "Hapo sivyo." Kwa hiyo nilichukua daftari na penseli, nikaziacha tarakimu ziseme zenyewe.

Kwanza ni maana ya yale maandishi ubavuni mwa tairi. Namba ya kwanza, 215, ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili, 45, ni kimo cha ubavu, lakini hiki hakihesabiwi kwa milimita. Huhesabiwa kwa asilimia ya upana. Asilimia 45 ya 215 ni karibu milimita 97. Herufi R yaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha kipenyo cha rimu na mbavu mbili, ya juu na ya chini, utapata kimo cha gurudumu zima, kama milimita 625.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hunaswa. Wakiongeza namba ya kwanza na kuiacha ya pili, tairi haliongezeki upana tu, laongezeka na kimo. Tairi la 245/45R17 lina kimo cha milimita 652, yaani zaidi ya lile la asili kwa asilimia nne. Gurudumu likiwa kubwa, saa ya mwendo hudanganya: ikionyesha 80, gari limekwisha pita 83. Kwa hiyo anayetaka 245 hana budi kushusha namba ya pili iwe 40. Hapo kimo hurudi 628, na shauri la saa limekwisha.

Lakini shauri la rimu halijaisha. Tairi la 245/40 hutaka rimu yenye upana wa inchi 8 mpaka 9 na nusu. Rimu za mjomba ni inchi saba na nusu. Ukilivalisha tairi pana rimu nyembamba, mbavu zake hubanwa chini na kufura kama mashavu ya mtu aliyejaza ugali kinywani. Uso wa tairi huwa na mgongo, kashata za katikati zikalika kabla ya zile za pembeni. Tena gari likipakia watu na kukata kona kali, tairi lililofura laweza kusuguana na madigadi.

Mjomba alisikiliza, kisha akauliza swali la maana: "Lakini je, tairi pana halishiki barabara zaidi?"

Swali hili tuliwahi kulizungumza darasani. Katika masomo yetu ya Fizikia tunafundishwa kwamba msuguano hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana. Mwalimu wetu alitueleza kwamba kanuni hiyo ni ya vitu vigumu kama ubao na chuma. Mpira ni laini, hujibana katika chembe za lami, kwa hiyo haufuati kanuni hiyo sawasawa. Ni kweli basi kwamba juu ya lami kavu tairi pana husaidia katika kona.

Walakini faida hiyo ina mpaka wake. Gari pamoja na watu tulikadiria kilo 1,400, yaani kilo 350 kwa kila gurudumu. Upepo ndani ya tairi ni paundi 32 kwa inchi ya mraba. Ukigawanya uzito kwa upepo, utaona kwamba sehemu ya tairi inayogusa ardhi ni kama sentimita za mraba 156, yaani kadi moja ya posta! Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini yatosha kutufunza jambo. Uzito haukubadilika, na upepo haukubadilika. Kwa hiyo tairi pana haliongezi kadi ile kwa kiasi kikubwa. Huigeuza tu ikalala kwa ubavu: pana zaidi, fupi zaidi.

Sasa fikiria kadi hiyo katika masika. Maji yakitanda juu ya lami, tairi lazima liyasukume pembeni ndipo liguse barabara. Tairi jembamba hupasua maji kama ngalawa. Tairi pana lina maji mengi zaidi ya kuyasukuma, na mwendo ukizidi laweza kuelea juu yake. Tena kutoka lami mpaka nyumbani kwa mjomba kuna kilomita mbili za udongo mwekundu. Kila mtu wa kwetu ajua udongo ule ukilowa: ni sabuni tupu. Juu ya utelezi wa namna hiyo tairi pana hupanda juu ya tope, na jembamba hulikata likatafuta ardhi ngumu iliyo chini.

Hata hivyo si kwamba jembamba kabisa ndilo bora. Yako mashimo pia, na rimu ya aluminiamu ikigonga ukingo wa shimo yaweza kupinda au kupasuka. Kinga yake ni ubavu wa tairi. Ubavu wa 215/45 ni milimita 97, wa 245/40 ni 98, na wa 225/45 ni 101. Hili la 225/45 laikaa vizuri rimu ya inchi saba na nusu, na kimo chake, milimita 634, hakizidi kile cha asili hata kwa asilimia mbili.

Nilipomaliza, mjomba alikaa kimya akilitazama daftari. Nilimwonea huruma, maana nilijua kwamba hakuwa akipima tairi tu. Alikuwa akipima ndoto yake ya miaka mingi. Mkaza mjomba, aliyekuwa akimenya viazi, ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Watoto hawajui mia mbili na ngapi. Wao wanajua kwenda na kurudi." Mjomba akacheka, na juma lililofuata akanunua 225.

Sasa masika yamepita. Matairi hayakugusa madigadi hata siku moja, na rimu zote nne ni nzima. Sisemi kwamba ni tairi peke yake lililowalinda, maana katika kona zile mwendo wa taratibu ndio kinga ya kwanza, na tairi kipara huteleza liwe pana au jembamba. Wala mjomba hajaisahau 245. Likipita gari lenye matairi mapana, bado hugeuza shingo.

Wenzangu, siku moja nasi tutanunua magari, Mungu akipenda. Muuza matairi atatuuliza twataka upana gani. Tusijibu kwa macho. Tujiulize kwanza: gari hili litapita wapi kila siku, katika mvua gani, nalo litambeba nani? Kisha tusome namba za tairi na upana wa rimu, tukapige hesabu kabla ya kutoa fedha. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Aliyelitazama tairi lake kwa makini kabla ya kushuka Mombo hana haja ya kulisifu kwa watu. Watoto wake wakirudi jioni, sifa yake imekamilika.