Mji Uliokuwa Ukizijua Meli

Mtaa wa Majengo, Mombasa, wa utotoni mwangu, miaka ya 1970, ulikuwa ukizijua meli. Ukikaa barazani jioni utasikia kwamba ile ya kahawa imeng'oa nanga, ya ngano imefunga gati jana, na nyingine iko nje inangoja nafasi. Habari hizo zililetwa na makuli wakirudi zamu, na baba yangu alikuwa mmoja wao.

Mombasa ni kisiwa kilichopakatwa na bara: hori ya Tudor upande mmoja, Kilindini na Port Reitz upande wa pili. Bandari ya Kale, pale jirani na Fort Jesus, ilipokea majahazi ya kaskazi kwa karne nyingi. Meli za moshi zilitaka kina zaidi, na kina kiko Kilindini. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, mizigo ikahamia magharibi ya kisiwa, na watu wakaifuata.

Gunia la kahawa lina kilo 60, nalo lilibebwa mabegani. Baba alikuwa na sugu chini ya shingo, pana kama kiganja, nyeusi kuliko ngozi yake yote, na usiku mama alimkanda kwa mafuta ya nazi. Mimi nilishika kibatari. Wakati huo baba alisimulia: serangi aliyewaharakisha, baharia wa Bombay aliyempa sigara, magadi yaliyowawasha macho kutwa nzima. Nilijua majina ya bandari za dunia kabla sijajua wilaya za Kenya.

Mabega ya makuli yalikuwa na nguvu mjini. Januari 1947 makuli na wafanyakazi wengine waligoma, wakawa wakikutana Kiwanja cha Maskini, na Mombasa nzima ikasimama. Babu alikuwapo. Alilizungumza jambo hilo kwa fahari mpaka anakufa, na mimi naona alikuwa na haki.

Kisha likaja kontena, nalo halikuhitaji bega. Kazi ya siku kadhaa ya magenge ya watu ikawa ya kreni na madereva wachache. Majirani zetu walipunguzwa kidogo kidogo, bila kishindo, mpaka baraza ikabaki na wazee. Kilichotuokoa ni malori. Njiani kutoka Changamwe, Miritini hadi Mariakani palichipuka gereji, nyumba za kulala wageni, akina mama wa mahamri na mbaazi waliowasha jiko alfajiri ya mapema. Bandari ilikuwa imetoka mikononi mwetu, ila bado ilipita mlangoni.

Mwaka 2017 reli mpya ya SGR ikaanza, na baadaye ikaja amri kwamba kontena za Nairobi zipande treni moja kwa moja kutoka bandarini. Nilipita Changamwe miezi hiyo. Gereji zimefungwa, meza za chakula zimepinduliwa juu ya benchi. Mwaka 2019 watu waliandamana barabarani, na amri hiyo haikuondolewa hadi 2022, serikali mpya ilipoingia. Wengi hawakuweza kufungua tena. Linaniuma hilo, kwa sababu mizigo kwa jumla iliongezeka: bandari ilivuka kontena milioni 1 kwa mwaka, kwa kipimo cha futi 20, mnamo 2014, na milioni 2 mwaka 2024.

Mpwa wangu anaendesha kreni huko Kilindini. Katika enzi za baba hakuna aliyewaza mwanamke angepanda kule juu, nami namwonea fahari isiyo na kifani. Nilimuuliza juzi meli aliyokuwa akiipakua imetoka wapi.

"Mjomba, sijui," akanijibu. "Naona namba za kontena kwenye kioo. Mabaharia wenyewe siwaoni. Kabla hawajapata nafasi ya kushuka, meli imeshaondoka."