Kolwezi: Shaba Inatoka, Pakiti Zinaingia

Anayesafiri kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, kilomita 300 hivi kupitia Likasi, hupishana na malori yaliyobeba shaba na kobalti. Mengi yanaelekea mpaka wa Kasumbalesa. Kupitia mpaka huohuo huingia unga, biskuti na sabuni kutoka Zambia na Afrika Kusini, kila kitu ndani ya pakiti nzuri. Hata shaba huwemo katika kazi hiyo: baadhi ya pakiti za plastiki huchapwa kwa silinda ya chuma iliyopakwa shaba, na picha huchongwa juu yake.

Asali ya misitu yetu ya miombo, kinyume chake, mara nyingi huuzwa ndani ya chupa ya maji iliyokwisha kutumika, bila jina. Kikundi kinachotaka iingie dukani kinahitaji etiketi. Lakini pesa ya likelemba ni jasho letu, na etiketi 1,000 zikichapwa vibaya, hazifutiki. Basi tuikague kazi kabla ya kumpa mchapaji.

Rangi: simu huonyesha rangi kwa mwanga, mashine huchanganya wino wa aina nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kijani kinachong'aa kwenye simu hufifia kwenye karatasi. Omba nakala ya majaribio.

Picha: iwe na nukta 300 kwa kila inchi. Etiketi yenye upana wa sentimita 10 inahitaji picha yenye nukta karibu 1,200 kwa upana. WhatsApp hupunguza ubora wa picha. Itume kama hati.

Ukingo: rangi ya nyuma ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3, la sivyo kisu kikiteleza kidogo utaona ukanda mweupe. Jina, uzito na tarehe vikae ndani, mbali na mstari huo.

Herufi: mchoraji azigeuze kuwa michoro. Kompyuta ya mchapaji isipokuwa na herufi zenu, itaweka nyingine.

Msimbo wa mistari: hapa Kolwezi tunapenda rangi ya shaba, lakini mashine nyingi za dukani husoma kwa mwanga mwekundu, na mistari ya rangi hiyo haionekani. Iwe myeusi juu ya nyeupe.

Maneno: mpeni mama ambaye hakuyaandika ayasome kwa sauti, Kifaransa na Kiswahili, pamoja na namba ya simu, tarakimu moja moja.

Mwisho, toeni nakala moja kwa printa ya kawaida, kwa ukubwa wake halisi. Izungusheni kwenye chupa, iwekeni mezani, kisha rudini nyuma hatua tatu. Jina likisomeka kutoka hapo, mwambieni mchapaji aanze.