Kwa Nini Rivers of Babylon Hauzeeki



Kuna wimbo mmoja wa zamani ambao ukipigwa kwenye matatu, hata mguu wa mchungaji unatikisika: Rivers of Babylon. Boney M. waliutoa mwaka wa 1978, enzi za disko, ukashika nambari moja Uingereza. Lakini The Melodians wa Jamaika walikuwa wameuimba tangu 1970, na maneno yake yanatoka Zaburi 137 na Zaburi 19:14.

Zaburi 137 si ya sherehe. Ni kilio cha mateka walioambiwa waimbe wakiwa ugenini. Naamini hiyo ndiyo siri ya wimbo huu: mdundo ni wa furaha, lakini ndani yake kuna mtu anayekumbuka kwao.

Kanisani kwetu kuna mama ambaye binti yake anafanya kazi Saudia. Wimbo huu ukipigwa harusini, sisi tunacheza. Yeye anatulia tu, machozi yanamtoka. Yeye ndiye anayeusikia vizuri kutuliko.

Mpendwa, una mtu wako aliye mbali? Mpigie simu leo, umwombee kabla hujakata.