Aliyeacha Kutetemeka



Nilipokuwa mwalimu kijana, niliwapeleka wanafunzi wanane wa ualimu kupanda Nyiragongo. Asubuhi ile jua lilikuwa kali mjini Goma, nami niliwaambia wapunguze mizigo: “Ni siku moja tu.” Tuliondoka Kibati tukiwa na fulana za pamba, mikate na maji. Koti la mvua lilikuwa moja kati yetu, nalo lilikuwa langu.

Darasani nilikuwa nimefundisha kwamba joto hupungua kwa nyuzi zipatazo 6 kila tupandapo mita 1,000. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Nyiragongo kiko mita 3,470. Hesabu hiyo niliijua kwa kuiandika ubaoni, lakini sikuikumbuka nilipofunga safari. Tena haikuhesabu upepo wala nguo zilizolowa.

Mchana wingu lilitushukia, ikanyesha mvua, kisha mvua ya mawe. Pamba hunywa maji na kuyashika, na upepo upitao juu yake hunyang’anya mwili joto. Mwanafunzi mmoja alitetemeka mno, akashindwa kufunga kamba za viatu vyake, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Halafu akatulia, akaketi juu ya jiwe. Nilifurahi nikasema, “Sasa amepata nafuu.”

Mzee aliyetuongoza njia alinitazama. “Hapana, Mwalimu. Mwili wake umechoka kupigana na baridi. Tukimwacha aketi hapa, hatainuka.” Alimvua fulana iliyolowa, akamvika sweta kavu aliyoitoa katika mfuko wake, akamfunika kwa koti lake mwenyewe. Tulimshika huku na huku tukateremka. Kileleni hatukufika. Koti langu mimi nilikuwa ningali nimelivaa.

Kijana yule alipona, na leo anafundisha. Mimi ndiye niliyebaki na swali.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Karisimbi, mlima jirani wenye mita 4,507. Mwaka 1908, mwanajiolojia Mjerumani Egon Kirschstein alipokuwa akiuchunguza, dhoruba ya mvua ya mawe na theluji iliukuta msafara wake huko juu, na wapagazi wake 20 wakafa kwa baridi. Katika habari niliyoisoma, jina lake lilikuwamo. Majina yao hayakuwamo. Safari ile hawakuipanga wao. Walibeba tu mizigo yake.

Ndugu zangu, vijana wetu wangali wanapanda milima, na ni vema wapande. Lakini anayewaongoza na afungue kwanza mfuko wa yule mwenye kidogo kuliko wote, kwa maana kundi zima liko tayari kwa kadiri ya huyo. Je, ana sweta kavu iliyofungwa ndani ya plastiki? Ana kitu cha kuzuia mvua? Na wingu likishuka, kiongozi awe na moyo wa kusema, “Turudi,” hata kama kilele kinaonekana.

Mara nyingi tunamwita mzembe yule anayepanda bila kujiandaa. Wanafunzi wangu wanane hawakuwa wazembe. Walikuwa wametii sauti ya mwalimu wao, aliyewaambia kwamba ni siku moja tu.